Pipa la Harusi ya Torquil

Glasgow, 2 Machi 1926

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima na kiwanda kinafuka moshi kama kawaida. Mimi sijambo, namshukuru Mungu.

Nimesikia kwa mtu wa kisiwani kwetu Islay kwamba kifua cha Mama kimezidi. Naomba nije nimwone. Najua hujanisamehe tangu niliposimama langoni pa kiwanda na wahubiri wenzangu nikaiita wiski yenu sumu. Lakini barua zangu zote, Baba, hata moja usijibu?

Jingine: naoa mwezi wa sita. Lile pipa ulilojaza wiski siku niliyozaliwa, lifunguliwe harusini kama ilivyo desturi, tafadhali limwage. Harusi yangu haina pombe.

Mwanao,
Torquil

Islay, 12 Machi 1926

Mhubiri,

Salamu zimefika. Mimi mzima. Mitungi ya shaba inachemka, shayiri inaota sakafuni, na mgongo unauma kwa kuigeuza. Mama yako ndiye haondoki tena kitandani.

Pipa umechelewa. Tulilifungua mwaka juzi, kwenye matanga yako. Ndiyo, yako! Nilichoka kuulizwa, "Mwanao bado anatutukana huko mjini?" Nikawaambia umekufa kwa homa, umezikwa hukohuko. Barua zako nimezitia katika tanuru la kukaushia kimea. Tarishi nampa kipimo cha wiski, anafunga domo.

Kijiji kizima kilikuja. Pipa lilikuwa limepungua, unajua hewa ya ghalani nayo hunywa fungu lake, lakini lililobaki, lo! Nililea vitu viwili miaka yote ile, wewe na pipa. Kimoja kilitoka vizuri.

Mama yako aliamini. Naye alikunywa.

Baba yako

Glasgow, 23 Machi 1926

Baba,

Leo sina salamu. Mungu akusamehe, mimi siwezi. Umemfanya mama yangu anililie nikiwa hai!

Nakuja na meli ya Jumamosi ya wiki ijayo. Nitaingia mchana kweupe, kijiji kione, nipige magoti kitandani pake anishike uso. Nizuie kama wewe mwanamume.

Torquil

Islay, 27 Machi 1926

Mwanangu,

Hujambo? Sikuzuii. Mlango wetu haufungwi, unajua.

Ila sikia kwanza. Mama yako hali chakula, pumzi anaivuta kwa taabu, lakini haogopi. Kila asubuhi ananiambia, "Torquil katangulia, ananingoja." Halafu anatabasamu. Mchungaji anasema hajaona mtu anayekwenda kwa furaha namna hii.

Basi njoo. Piga magoti, mwambie huko aendako hakuna anayemngoja.

Baba yako

Bandari ya Tarbert, 3 Aprili 1926

Baba,

Meli ya Islay imeondoka, mimi nimebaki gatini. Akiniita, mwambie nimeshafika, namngoja.

Mtoto wa Mama,
Torquil