Basi la Zamoyoni Halijaungwa

Mpendwa mshauri, shikamoo. Nakuandikia kwa kuwa akili yangu imefika mwisho. Mume wangu, Sabiti, ni seremala hapa Ngokolo, na mvua zilipoanza alimchongea mwanetu Zamoyoni basi dogo la mbao, viti mbali, milango mbali, paa mbali, akavipaka rangi kimoja kimoja pale dirishani kwa sababu paa likishagongwa brashi haifiki ndani, na mtoto kila akiuliza lini anajibiwa, "Rangi ikikauka, baba, tutaliunga," mara surua ikaingia, tukamzika rangi ingali mbichi.

Arobaini imepita, mshauri, na mavuno yamepita, mume wangu bado anapaka. Rangi ikikauka anaipiga msasa anaanza upya, hata viti vimekuwa vyembamba, madawati aliyoagizwa na kijiji cha ujamaa yamelala nusu, na juzi binti yetu Chausiku aligusa mlango ukabaki na alama ya kidole, baba yake akamzaba kofi na mlango akautupa uvunguni, tangu hapo mtoto anashinda na kula kwa jirani. Shemeji yangu Salehe anasema, "Shemeji, hayo makorokoro tia jikoni yaungue, utampoteza na huyu." Kiberiti nimeshakishika, naogopa. Nichome, au nimwite fundi mwingine aliunge liishe?

Mama Zamo, Shinyanga

*

Mama Zamo, pole sana. Kufiwa na mtoto hakuna dawa, nami sitakudanganya kwamba ninayo. Lakini kiberiti kirudishe mahali pake. Ukilichoma basi hilo, mumeo atakuwa amefiwa mara mbili, na safari hii mzikaji ni wewe.

Fundi mwingine pia hapana. Gundi haishiki juu ya rangi. Penye maungio lazima pakwanguliwe mpaka mbao ionekane, na mkwanguaji ni yule aliyeahidi. Huoni anachofanya? Alisema rangi ikikauka wataliunga, ndiyo maana haiachi ikakaa kavu. Hajapagawa huyo, anaogopa.

Sasa nikugombeze. Mtoto anakulaje kwa jirani na mama yake yupo? Chausiku naye kafiwa na kaka, nani kamwuliza hali? Kopo la rangi litoe nyumbani. Mlango ule utoe uvunguni, alama ya kidole usiifute. Umwambie mumeo, bila wazee wala mashemeji: "Baba Zamo, rangi imekauka. Tuliunge." Atalia, mwache alie, kisha mpe kisu akwangue, na gundi aishike binti yake.

Ila kwanza vaa kanga ukamchukue. Wa kulichezea basi hilo amebaki mmoja tu, na saa hii yuko kwa jirani.