Kijana wa Njinjo na Undugu Wetu

Mjukuu wangu Salma,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Sisi hapa Kiswere hatujambo. Shangazi yako wa Milola amevuna ufuta, na babu yako kikohozi kimempungua, sasa anagombana na kila mtu.

Unauliza yule kijana wa Njinjo anayetaka kufikia kwako Dar es Salaam ni ndugu yetu kwa upande gani. Kwa damu, hakuna upande.

Enzi za Mwingereza babu yake alikuwa akiteremka huku pwani na mahindi, anabadilishana na baba yangu kwa samaki wakavu. Kila akifika nilimtandikia mkeka mpya na kumnawisha mikono, maana alikuwa mgeni. Baba alipofariki, kaka zangu walikuwa mbali, kwenye mashamba ya mkonge. Wanaume waliporudi kutoka makaburini nikamwona mtu yule ana udongo hadi kifuani. Alikuwa ameshuka kaburini kumpokea baba, na hiyo ni kazi ya ndugu.

Nikakimbilia mkeka mpya. Mama, aliyekuwa amekaa eda chumbani, akanizuia.

"Mwache akae chini kama sisi. Halafu mwambie kaka yangu maji ya kupikia yamekwisha."

Nikamfikishia maneno hayo vile vile. Alinitazama kidogo, akachukua debe, akaenda kisimani na udongo wake mwilini. Tangu siku hiyo nilimwita mjomba, na mkeka mpya sikumtandikia tena.

Basi mpokee huyo kijana. Lakini akifika usimnunulie soda. Mpe kikapu aende sokoni.

Bibi yako,
Mwanahawa