Betri Niliyoitangaza Kabla ya Wakati

Mpendwa dada yangu Akinyi,

Kwa kalamu hii nimewashambulia mawaziri na maprofesa, na sijawahi kumwomba mtu radhi. Leo nakuomba wewe, ambaye huwezi tena kunijibu.

Siku ile katika maabara yako Maseno ulinionyesha unga mweusi wa oksidi ya manganisi, wenye chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Uliuchoma kwenye tanuri, ukaupaka juu ya karatasi nyembamba ya shaba, ukaunda betri. Ulitaka wavuvi wa omena, wale dagaa wa ziwani wanaovuliwa usiku kwa taa, wawe na betri za taa zilizotengenezwa huku kwetu. Ukaiunganisha na taa ndogo, ikawaka. Nikapiga makofi.

"Omera, kaka yangu, tulia," ulisema. "Nimeichaji mara kumi tu. Chembe hizi hufura zikichajiwa, kisha hupasuka. Ngoja zifike mara mia tano."

"Wazungu hawangoji!"

"Wanangoja sana. Ni wewe usiyeweza kungoja hata chai ipoe."

Ulicheka. Mimi nikaenda kuandika gazetini kwamba betri imepatikana. Nilitaka fimbo ya kuwachapia wakubwa wanaonyima maabara zetu pesa, nikakufanya wewe fimbo hiyo.

Betri ikafa, kama ulivyoonya. Pale kwetu Luanda Kotieno, mama akienda ufuoni kununua samaki, wavuvi walimchokoza: "Mama Daktari, taa za binti yako ziko wapi?" Akaacha kwenda. Wewe hukunitaja hata mara moja. Ulirudi kwenye tanuri, ukaanza kutengeneza chembe zenye uwazi ndani, ili zipate nafasi ya kufura. Ugonjwa ukakukatiza.

Mwezi uliopita mwanafunzi wako alinipa daftari lako. Siku ile ya taa uliandika: "Bado. Kaka asiandike." Miaka yote hii nimejiambia kwamba hukunikataza waziwazi. Ulinikataza, Akinyi. Nilisikia uliposema "ngoja".

"Na zile chembe zenye uwazi?" nilimwuliza.

"Tunaendelea kupima, mzee."

Sikumwuliza zaidi.

Gazeti limekataa kuchapisha masahihisho yangu. Habari imezeeka, wanasema. Lakini mama bado anaamini kwamba uliwadanganya watu, na yeye pia amezeeka. Jumapili nitasimama kanisani kwake, mbele ya wavuvi wale wale, niseme kwamba Akinyi alisema kweli na mwongo nilikuwa mimi. Kisha nitakaa kando ya mama, akikubali.

Pumzika, nyamera, dada yangu.

Kaka yako mkubwa