Kungoja Kadi Ishuke Bei

Jumanne. Mawingu, joto la kunata, na bado naisikia ile sauti: kama kijiko kinachokwangua sufuria tupu. Ni feni ya kadi ya michoro ya kompyuta yangu, ilivyolia mara ya mwisho kabla skrini haijawa nyeusi. Fundi alinirudishia kompyuta ikiwa nusu hai. Inawaka, inaandika barua, inamchezea mama mawaidha yake. Kuchora haichori.

Na kuchora ndiyo kazi yangu. Natengeneza picha za nyumba ambazo bado hazijajengwa, ili mtu aione nyumba yake imesimama kabla hajanunua mfuko wa kwanza wa saruji. Nilikuwa naifanya Dar, kwenye ofisi ya wasanifu majengo, hadi baba alipofariki nikarudi hapa Mabawa kukaa na mama. Bosi alisema dawati langu litaningoja mpaka mama amalize eda.

Mama yuko ndani na nguo zake nyeupe. Hatoki, hajifukizi udi, hapokei wageni wanaume wasio wa ukoo. Mimi siko eda, lakini nami nimekuwa sitoki. Nimekuwa nangoja bei ishuke.

Nimeisoma tena sentensi hiyo. Ni kweli tupu, na inanitia aibu.

Watengenezaji walipotangaza kwamba kadi mpya zinakuja, sikuwa na shaka hata kidogo. Nimesoma, najua hesabu yake: kipya kikiingia, cha zamani kinateremka. Hemedi, mwenye duka la kompyuta kule Ngamiani, alikuwa na kadi moja tu ya toleo la zamani, na ilinitosha kabisa. Nilikuwa na akiba ya kuinunua. Nikamwambia nasubiri kidogo bei ishuke. Kadi mpya zikatoka, nikarudi kwake.

Bei ileile.

“Da Rehema, huko kwao wana maghala ya kumaliza,” akaniambia huku akipangusa vumbi kwenye boksi. “Ghala langu mimi ni hii rafu. Niliinunua kwa bei ya wakati ule, niiuze kwa bei uliyoiota?”

“Lakini mpya imeshatoka, Hemedi.”

“Na bei yake umeiona? Basi hii ndiyo imekuwa rahisi sasa. Haijashuka, imekuwa rahisi tu. Ikiondoka, sileti nyingine. Hapa kwetu cha zamani hakishuki bei, dada yangu. Kinaisha.”

Nilitoka pale nimevimba kama niliyetukanwa. Njia nzima nilikuwa namjibu kichwani, na majibu yangu yote yalikuwa mazuri. Nilipofika nyumbani nikafungua simu, nikasoma kwamba hata hizi mpya zitapata warithi wake, labda mwakani. Nikajikuta nimeanza kuwangoja hao.

Huo ndio mtego. Hakuna aliyenitegea. Kila toleo lina jingine nyuma yake, na mtu anaweza kungoja hivyo mpaka nywele zibadilike rangi, huku akijiita mwenye busara.

Wiki iliyopita alinipigia Bi Zuhura, anayetaka kujenga nyumba za wageni Pangani. Ndiye mteja wangu wa kwanza, wangu mimi, si wa ofisi. Anataka picha kabla hajakaa na washirika wake mwisho wa mwezi, na asipozipata kwangu atazipata kwa mwingine. Nikamwambia, “In shaa Allah, mama.” Sote tunajua in shaa Allah ya sauti ile ina maana gani.

Jana alasiri mama alikuwa anachambua choroko. Nikaketi kumsaidia, nikamweleza yote: kadi, Hemedi, Bi Zuhura. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho kwenye ungo.

“Mimi kaniweka ndani Mungu, na siku yangu ya kutoka naijua,” akasema. “Wewe kakuweka nani?”

“Nangoja bei, mama.”

“Na hiyo bei ina eda?”

Nikacheka, yeye hakucheka. Nikasema basi, hata hivyo, nimekaa kwa ajili yake.

“Kwa ajili yangu! Nikitoka eda nakwenda Pemba kwa dada yangu, nikale pweza nipumzike na huo uso wako. Usinifanye mimi kufuli ya mlango wako, mwanangu.”

Tangu jana sina pa kujificha.

Ukweli ni kwamba nikiinunua kadi hii nimekiri kwamba naishi hapa, na ile ruhusa ya kurudi Dar imekwisha. Kule ofisini picha ikiwa mbaya ni mbaya ya ofisi, jina langu halipo. Hapa, mashine ikiwa nzima na picha za Bi Zuhura zikatoka za hovyo, uhovyo huo utakuwa wangu peke yangu. Kwa hiyo bei ilinifaa sana ilipokataa kushuka. Ingeshuka, ningetafuta sababu nyingine: umeme, intaneti, joto.

Sikuwa nangoja bei.

Leo asubuhi nilikwenda Ngamiani. Kadi ilikuwepo. Hemedi akaniuliza kama nimeota bei nyingine, nikamwambia usiku huu sikuota kitu, nikalipa ileile niliyoikataa miezi yote hii. Akaniongezea nailoni ya kulifunika boksi, bure, kwa sababu ya mawingu.

Sijui kama nimetoka au nimejifungia vizuri zaidi. Kabla sijafika nyumbani, nimesimama kwenye kibanda cha muuza mihogo na boksi kwapani, nimemwandikia bosi wangu Dar ampe mtu mwingine dawati langu. Ujumbe ameshausoma.