Nilimwambia Mke Wangu Picha ya Kichwa Haina Haja

Mpendwa mshauri,

Nisaidie. Mimi ni tabibu wa zahanati, mwaka wa tisa sasa, na mgonjwa ninayekuandikia habari zake ni baba mkwe wangu, fundi cherehani wa miaka sabini na moja, ambaye Jumamosi asubuhi aliteleza bafuni akajigonga kisogo kwenye ukingo wa sinki, mke wangu akamleta kwangu mbio, nikamkuta na nundu tu, anajua siku, anajua alipo, tena ananitania kwamba suruali yangu imeshonwa na mtu mwenye hasira, nami nikacheka, nikampa dawa ya maumivu. Mke wangu akasema mzee ametapika mara mbili njiani, tumpeleke hospitali kuu akapigwe picha ya kichwa. Nikamjibu, "Mama watoto, mtu anayetania hivi kichwa chake ni kizima." Akamrudisha nyumbani, kwa kuwa tabibu ni mimi.

Jumapili mchana, tukiwa mezani, kijiko kilimponyoka, akakitazama kama kitu asichokijua, mdomo ukaenda upande. Hospitalini, nikimvua koti, mkono wangu ukagusa pakiti ya vidonge vya kuzuia damu isigande, alivyopewa kwa ajili ya moyo, na mimi sikuwa nimemuuliza anatumia dawa gani, swali ambalo namuuliza kila mwenye mafua. Nilimkabidhi daktari ile pakiti, picha ikaonyesha damu imevujia pembeni mwa ubongo, wakampasua. Yuko hai, lakini mkono wa kulia haushiki mkasi.

Sasa shemeji zangu wanamlaumu mke wangu kwamba alikuwa na mzee akazembea, na mimi mama mkwe ananishukuru mbele ya watu kwamba nimemwokoa mzee. Mke wangu hajasema neno. Nami sijasema. Nifanyeje?

Tabibu

Tabibu mwanangu,

Nilifanya kazi wodi ya majeruhi miaka ishirini na sita kabla ya kushika kalamu hii, na barua yako imenitoa jasho. Nilipofika pale mkeo anapolaumiwa nikaiweka chini kwanza.

Pole. Lakini tangu lini utani ukawa kipimo? Kijana aliyejigonga mlangoni, hakuzimia, hakusahau, hakutapika, huyo unaweza kumrudisha nyumbani na mtu wa kumwangalia, ukiwaeleza dalili za hatari. Mzee wako amepita miaka sitini na tano, ametapika zaidi ya mara moja, anatumia dawa ya kuzuia damu isigande. Lolote kati ya hayo lilitosha kumpeleka kwenye picha siku ileile. Wewe ulimwona baba mkwe, mgonjwa hukumwona.

Hilo ni kosa la kazi. Mweleze mkuu wako wa zahanati kwa maandishi, na maswali ya umri, kutapika na dawa uyabandike ukutani, usiiamini kumbukumbu.

Hili la mkeo si kosa tena, ni uamuzi, unaufanya upya kila ukiamka. Leo hii muombe radhi, ninyi wawili peke yenu. Kisha waite mama mkwe na shemeji zako, useme, "Yeye alitaka picha, mimi nilikataa." Usiongeze "lakini". Watakufokea, kaa usikilize, usiinuke kwenda kujibu simu.

Halafu nenda ukakae kitandani kwa mzee, umwambie na yeye. Kichwa ni chake, mkono ni wake, na ni yeye wa kuamua kama bado atakuita mwanawe.