Yaya amefula mashini ya moshi

Baraka, Jumamosi, siku ya posho. Mvua ilikatika, jua limewaka mpaka jioni, na mi niko na hasira. Kesho kanisani batatuambia tusamehe. Basi wacha niandike leo, mbele ya kusamehe.

Yaya Riziki amefula mashini yangu.

Nasema tena, kwa sababu mi mwenyewe bado siamini. Dada yangu mukubwa amechukua ile mashini ya moshi, kichwa cha treni, ile kadogo nilitengeneza na mikebe ya maziwa, akaenda nayo ku ziwa pamoja na mashuka na mashati ya Papa, akaisugua na muchanga na sabuni ya unga. Akaianika. Saa hii inang'aa kama sufuria ya arusi.

Ee Mungu wangu!

Papa, mbele ya kuzeekea hapa Baraka, alikuwa anatia makaa mu mashini kubwa kama ile, mu mugodi mumoja upande wa Kalemie. Siku nilimuonyesha ya kwangu, nyeusi, safi, rangi mupya, alicheka mpaka akakohoa. "Hii mashini haijafanya kazi hata siku moja," akasema. Niliuzika, hasira ikanipanda. Halafu nikaanza kazi yenyewe, ya kuichafua, ionekane imefanya kazi.

Batu banazani kuchafua ni rahisi. Aka! Nilikwangua misumari ya kutu, nikachanganya unga yake na verni ya kupaka mbao. Masizi ya sufuria nikapuliza nyuma ya bomba la moshi, kidogo kidogo. Pale maji ya moto yanamwagikaka, nikachora mistari miembamba ya chokaa. Chini ya magurudumu nikapaka mawese, vumbi ya tofali ikashikamana nayo. Papa alikaa pembeni ku kiti yake, anakatala kila kitu. "Hapa kutu haifike, mafuta iko mingi." Nafuta, naanza tena. Tulikuwa tu hivyo mpaka ugonjwa ukamulaza.

Kitu kimoja alifanya mwenyewe. Ku mulango wa dereva, pale alikuwa anashika kwa kupanda, alichovya kidole gumba mu masizi mabichi, akakandamiza. "Hapa ndipo mi nilikuwa," akasema. Nikaacha ikauke. Sikupagusa tena.

Kile kidole ndicho Yaya amesugua.

Kwetu nyumbani, matanga ikiisha, binti mukubwa anafula vitu vyote vya marehemu mbele ya kuvigawanya. Najua. Lakini mashini ni yangu! Ilikaa mu chumba ya Papa kwa sababu alitaka kuiona akiwa amelala, basi. Angeniuliza. Kinywa si anacho?

Nilipiga kelele mpaka bajirani bakatoka. Mama mumoja akasema eti sasa imependeza, nimushukuru dada yangu. Nilimuambia arudi kwake, na sijutii.

Yaya hakulia, hakuomba musamaha. Alikuwa anakunja mashati tu. "Mudogo yangu, we unazani tunafulaka uchafu? Tunafula mukono wa marehemu, utoke mu vitu, apumuzike, asirudi-rudi kuvitafuta. Kile kidole nilikiona. Nilijua ni chake."

Alijua! Na akasugua!

Kutu nitatengeneza ingine. Masizi iko tele ku jikoni. Lakini kidole cha Papa nitakitoa wapi? Niweke changu pale, halafu nidanganye nani? Na sitaki Papa apumuzike mbali na mi, nasema wazi, hata kama ni dhambi. Bado namutaka arudi-rudi.

Jioni nilipita nyuma ya nyumba nikakuta ile kitambaa Yaya alisugulia, ameisahau ku kamba, nyeusi tii. Masizi yote iko mule. Nimeikunja, nimeificha chini ya godoro yangu.

Kesho kisha ibada atakuja kuiuliza, apate kuifula. Aje. Simupi.