Masahihisho ya Saa Nne

Baba Pacha,

Mchuzi uko kwenye friji, usiuunguze kama juzi. Watoto wachukue shuleni saa kumi kamili, siyo ile kamili yako.

Daftari la hesabu liko chini ya kikombe. Asubuhi navaa viatu niwahi wodini, pacha mdogo kaniletea nisaini, machozi yanamlengalenga. Waliulizwa ndege inatumia muda gani kutoka hapa hadi ule mji ulikokwenda kikazi. Hawakuhangaika kupiga hesabu, baba yao si katoka huko juzi tu? Wakaandika ulichotuambia ulipochelewa kurudi, kwamba ndege ilichukua saa nne. Mwalimu kawapa kosa kwa wino mwekundu. Pembeni kaandika: kilomita mia tano, dakika hamsini na tano.

Nilitaka kumfuata huyo mwalimu nikamweleze. Bahati nikapekua kwanza shati lako la safari. Kipande cha tiketi kinasema vilevile kama mwalimu. Na foleni usinitajie, mwenyewe ulisema barabara ilikuwa nyeupe.

Nitarudi saa mbili. ~~Usinisubiri.~~ Nisubiri, watoto wakishalala.

Mwalimu anataka masahihisho na saini ya mzazi. Zile dakika hamsini na tano wataziandika watoto wenyewe. Saa tatu na dakika tano zilizobaki ziandike wewe, kwa kalamu ya wino. Penseli nimezificha.

Mama Pacha